Msumari wa Mjomba Silvesta

Jina lenyewe sitalitaja. Usingoje nilitaje mbele ya safari, wala usidhani nitajisahau. Ukitaka kulijua nenda kawaulize wale watu wa Dar es Salaam wanaokusanya santuri kuukuu, wao hawana haya. Mimi ni mtu wa Chiungutwa, nimechezwa unyago, nina wajukuu, najua lipi la kutamka na lipi la kumeza.

Ninayetaka kumweleza ni mjomba wangu Silvesta, mdogo wake mama. Nusu ya watu hapa wanamjua kama mpuliza dawa ya mikorosho, na nusu nyingine hawamjui kabisa, maana ni mtu wa kupita pembeni. Ana miaka sabini na kitu. Mrefu, mkimya, anacheka kwa pua. Vidole vya mkono wake wa kushoto vimepinda kidogo kwenye ncha. Ukimwuliza vimefanyaje atakwambia ni jembe. Si jembe, ni gitaa. Mjomba wangu alikuwa Radi Saba.

Nikiwaambia hivyo wanangu wananitazama tu. Lakini ile bendi ndugu yangu usiichezee. Ilikuwa ikipiga roki, magitaa ya umeme yanalia mpaka mbwa wanakimbia, vijana wamefuga nywele na suruali zinafagia barabara. Wimbo wao wa "Lami Mpya" mpaka leo ukipigwa harusini bibi zima linainuka na fimbo yake. Gitaa lile linaloingia mwanzo kabisa, kabla ya ngoma, ni mjomba. Sasa santuri ina pande mbili. Upande wa kwanza "Lami Mpya". Upande wa pili ndio ulioniletea mimi kazi ya kueleza yote haya.

Mwaka jana mwezi wa kumi, korosho zinaanguka, kila mtu ana vumbi hadi kwenye kope, nilikuwa kwenye cherehani yangu barazani kwa Fikirini mwenye duka. Mjomba alikuwa kwenye benchi anakunywa soda. Mama Huruma alikuwa ndani ya duka anachagua dagaa. Alipoingia, mjomba aligeuza magoti akatazama barabarani, na mimi sikushangaa, kwa sababu ndivyo wale wawili walivyoishi tangu nipate akili. Akimwona Mama Huruma kwenye njia ya shamba, mjomba huingia kwenye mikorosho kama mtu aliyebanwa na haja. Kwao na kwetu si mbali. Kwa hiyo amepita katikati ya mikorosho mingi.

Ikaja bodaboda kutoka Masasi mjini, ikamshusha mgeni, mtu mzima wa makamo, ndevu zimeanza mvi, begi mgongoni. Jina lake Abuu. Alitoa shikamoo zake zote kwa mpango, siwezi kumsema kwa hilo. Akauliza kama hapa ndipo anapokaa Mzee Silvesta aliyepiga gitaa Radi Saba. Benchi zima likageuka.

"Ni mimi," mjomba akasema taratibu.

Abuu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Akaeleza kwamba yeye na wenzake wanatafuta santuri za bendi ile, wanazisafisha sauti, wanazitoa upya. "Lami Mpya" kila mtu anayo. Lakini upande wa pili kuna wimbo ambao hakuna anayeuzungumzia, hata wanaoijua bendi wanauruka, wanasema bila shaka ulikuwa wa kujazia tu. Yeye aliposikia alikaa chini. Akawa na maswali. Kwa nini Radi Saba hawakuupiga tena hata jukwaani? Na kwa nini kila santuri waliyoipata huku kusini imechanwa upande huo, kuanzia pembeni mpaka katikati? Moja tu ndiyo waliyoipata nzima, nayo iliokotwa Mombasa.

Mjomba alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema twende nyumbani. Lakini mgeni kwa furaha yake alikwishatoa simu na spika ya mkononi, akabonyeza. Gitaa likaanza polepole, tamu, siwezi kudanganya. Kisha sauti ya mjomba, sauti ya kijana, ikaita jina. Ikaliita tena. Kiitikio chote ni jina lile.

Kwa msomaji asiye wa kwetu lazima nieleze, vinginevyo ataona tunashtukia kivuli. Kwetu mtoto huwa na jina la utotoni. Akitoka jandoni au unyagoni, jina lile linabaki kule, anatoka na jingine. Kuanzia siku ile, mtu akikuita kwa lile la zamani amekwambia hujafundwa, wewe bado mtoto, hujui kujisitiri. Ni tusi linalozidi la kutukaniwa mama. Ndugu yako wa damu hakuiti hivyo hata akiwa amelewa uraka. Mumeo halijui, na hapaswi kulijua. Hata sisi Waanglikana, ambao padri alikuja kubariki unyago wetu kwa maji na msalaba, hilo hatukuliacha.

Na jina lililokuwa likiimbwa barazani kwa Fikirini lilikuwa la Mama Huruma, kabla hajawa Mama Huruma, kabla hata hajaitwa Veridiana.

Mzee Rajabu, babu yake Fikirini, aliinuka akachukua fimbo akaondoka bila kuaga. Vijana, ambao hawajui kitu, walikuwa wakitikisa vichwa, na mmoja alishaanza kuitikia. Mama Huruma alitoka dukani mikono mitupu. Dagaa kawaacha juu ya mzani. Alipita mbele yetu sote, akasimama kwangu. "Mama Cecil," akaniambia, "gauni langu nitalifuata kesho." Akaenda zake mgongo umenyooka. Mjomba alikuwa ameishusha kofia mpaka puani.

Mimi nina hasira, sifichi. Niliinuka, nikaikamata ile spika, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya Fikirini. Ikatoa sauti ya chura, ikanyamaza.

Mgeni hakugomba. Tulimchukua nyumbani, akala ugali wa muhogo na kunde, akasikiliza. Mimi ndiye niliyesimulia, maana mjomba alikaa kwenye kigoda anachokonoa udongo kwa kijiti. Nilisimulia kama nilivyosimuliwa na mama, na kwa majivuno, maana ndani ya ukoo wetu habari ile ina heshima yake.

Mjomba alizaliwa Chiwata. Walipakana shamba na akina Veridiana, na msimu wa mahindi watoto wa pande mbili walikuwa wakilinda ngedere pamoja, kutwa nzima wanapiga madebe na kula muhogo wa kuchoma. Mjomba ndiye aliyemfundisha yule binti kupiga mluzi, na yule binti ndiye aliyemwambia kwamba debe likipigwa kwa kupokezana linakuwa ngoma. Huo ndio urafiki wao. Hapakuwa na kingine, walikuwa watoto. Mjomba akaingia jandoni, alipotoka akapelekwa Dar es Salaam kwa ndugu kusoma. Binti alikuwa bado hajachezwa. Kwa hiyo kichwani mwa mjomba yule binti akabaki na jina lake lile, na debe lake, na magoti yenye vumbi.

Dar es Salaam shule ikamshinda, gitaa likamkubali. Radi Saba wakamchukua. Walipokwenda Nairobi kurekodi walikuwa na wimbo mmoja tu wa uhakika, na santuri haiwezi kuwa tupu upande mmoja. Kiongozi wao akauliza nani ana kitu. Mjomba alikuwa na kitu. Wenzake wote ni watu wa Tanga na Tabora, kwao jina lile ni sauti nzuri tu. Naye hakufikiri. Alidhani wimbo wa kujazia utabaki hukohuko, na jina litabaki dogo kama alivyoliacha. Wakapiga mara moja, wakafunga virago.

Santuri ikapanda huku. Watu wakainunua kwa ajili ya "Lami Mpya", kila mwenye gramafoni anayo. Masasi mjini kwenye baa moja wakaigeuza. Minong'ono ikaanza. Wakati huo yule binti ni Veridiana, ameolewa na Christopher, katekista, wanakaa Chiungutwa, na Huruma ni mchanga. Mjomba akaja likizo ya Krismasi na suruali yake ya kufagia barabara, anangoja kupokewa kama bwana harusi. Alipokewa na mjomba wake, yaani babu yetu mkuu kwa upande wa kike, aliyemwambia neno moja: "Umemvua nguo mtoto wa watu, mbele ya nchi nzima."

Basi hapo ndipo penye heshima ninayoizungumzia. Mjomba hakukimbilia Dar es Salaam. Alichukua msumari wa inchi nne, akaanza kutembea kwa miguu. Chiungutwa, Chiwata, Nanganga, akapanda mpaka Newala, nyumba kwa nyumba kila penye gramafoni. Anapiga hodi, anaomba santuri yake, anaichana upande wa pili, anarudisha kwa mikono miwili. Alipomaliza hakurudi tena kwenye bendi. Gitaa alikuwa ameliacha Dar es Salaam, hakulifuata. Radi Saba wakapata mpiga gitaa mwingine, wakawa maarufu zaidi, yeye akashika bomba la dawa ya mikorosho. Hata hivyo aibu haikufutika yote, maana Christopher alimwacha mkewe msimu uleule. Lakini mtu aliyeua wimbo wake kwa mkono wake kwa ajili ya jina la mwenzake, huyo ni mtu. Ndivyo nilivyomwambia Abuu. Nilisema, "Mnasema ulikuwa wa kujazia. Ulichanwa, baba. Ulichanwa na mwenyewe."

Abuu alikuwa amevua miwani anapangusa macho. Mjomba hakuinua kichwa.

"Mzee," Abuu akasema, "bila neno lako hatuutoi. Ukisema hapana, ni hapana. Mimi naondoka Jumamosi."

Nilikuwa tayari kumjibu mimi. Lakini mjomba akamwomba ampe simu, akaibandika sikioni, sauti ndogo kabisa, akasikiliza macho yamefumbwa. Nikaona vile vidole vilivyopinda vinatembea juu ya goti. Wimbo ulipokwisha aliishika simu muda mrefu.

"Nilitunga huu tu," akasema. "Maisha yangu yote, huu tu."

Hapo nikajua kwamba anautaka. Mzee wa miaka yote hiyo, anautaka wimbo wake utoke asikike, naye anaona haya kuutaka. Uso wake ulikuwa umekunjamana nikashindwa kumtazama. Ningekuwa mkali kwa mtu mwingine. Kwake nilisema tu, "Mwenye jina yupo. Kamwulize."

"Sijawahi kusema naye."

"Tangu lini?"

"Tangu ngedere."

Jamani. Miaka yote ile mimi nilijua wanakwepana. Sikujua kwamba hata salamu ya kwanza haijatoka.

Mpwa ndiye anayemsimamia mjomba kwenye neno kama hili, kwa hiyo kesho yake nilimvalisha shati la kanisani, nikatafuta kuku jike, mweusi mwenye madoa, mwenye afya, na tukaenda. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu kosa la kumwita mtu jina lake la utoto lina njia yake: unakuja na kuku, unasema kosa kwa mdomo wako. Uliyemkosea akimchinja mkala pamoja, limekwisha, hakuna anayelitaja tena. Akikurudishia kuku, ondoka na kosa lako.

Tulimkuta Mama Huruma barazani kwake anapepeta mbaazi. Nikatoa shikamoo, akaitikia. Mjomba akasimama kule jua lilikoishia, kuku kwapani.

"Habari za hapa, Mama Huruma," akasema, sauti inakwaruza.

"Njema. Ingia kivulini, utaua kuku."

Tukakaa. Nikasema tulichokuja nacho, kwa kifupi, kama inavyotakiwa, nikamwachia mjomba. Alianza vizuri. Akasema alikosa, akasema barazani kwa Fikirini amekosa mara ya pili ingawa si yeye aliyebonyeza, akasema amechelewa. Angeishia pale. Lakini mtu akiona haya huongeza maneno, naye akaongeza.

"Nilipojua kosa nilijitahidi," akasema. "Nilipita nyumba zote. Nilichana kila moja. Huku kwetu haikubaki hata moja nzima."

Mama Huruma aliweka ungo chini. "Silvesta. Nani aliyekutuma kuchana?"

"Mjomba wangu aliniambia nirekebishe."

"Wajomba walikaa, wako na wangu. Nilikuwa nyuma ya nyumba nawasikia. Walisema uje kwangu na kuku, tule, yaishe. Nilisonga ugali, nikangoja. Giza likaingia. Kesho yake nikasikia umepita kwa jirani na msumari." Hakuwa akipaza sauti. "Uliona haya kuja kwangu, ukaenda kwa watu wengine wote."

Mjomba alimkumbatia kuku vizuri zaidi, kana kwamba ndiye aliyekuja kujitetea.

"Sasa nikuulize," Mama Huruma akaendelea. "Hapa Chiungutwa nani aliyekuwa ameigeuza ile santuri? Watu walitaka lami yao. Kwa Mzee Rajabu wameipiga mpaka sindano imekwisha, upande wa pili hata hawajui kama umeandikwa. Masasi walisikia wachache, walevi. Yangepita. Halafu ukaja wewe, mtu mashuhuri kutoka Dar es Salaam, na msumari. Kila nyumba wakakuuliza kuna nini upande huo. Ukawaeleza. Na kabla hujachana, walifanya nini?"

Mjomba akampapasa kuku shingoni.

Mimi ndiye niliyeuliza, mpumbavu mimi. "Walifanya nini, mjomba?"

"Waliusikiliza kwanza," akasema.

"Wote?"

"Wote. Nani angekubali kitu chake kichanwe bila kusikia?"

"Na wewe ulikuwa umekaa," Mama Huruma akasema.

"Nilikuwa nimekaa. Niliona ndiyo adhabu yangu."

"Adhabu yako, kwa jina langu."

Nilihisi uso unaniwaka mpaka masikioni. Nimeusifu ule msumari tangu nikiwa msichana. Nimewasimulia wanangu, nimewasimulia wageni, jana yake tu nimemliza mtu wa Dar es Salaam kwa habari zake. Kumbe mjomba wangu alikuwa ametembea wilaya nzima anaufungua mlango mmoja baada ya mwingine na kumsogeza yule mama ndani akiwa uchi.

Naye alikuwa bado hajamaliza. "Christopher alikuwa pale," akaonyesha kona ya ua, "anachonga mpini. Jirani wakapiga. Mume wangu alikuwa halijui jina lile, alilijulia pale, kwenye gramafoni ya watu. Aliniuliza kitu kimoja tu, mpiga gitaa amelijuaje. Nikamwambia tulilinda ngedere. Akasema ngedere gani wanaoimbiwa hivyo. Huruma alikuwa hajaanza kutambaa."

Mjomba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama. Alilia bila sauti, machozi yanamdondokea kuku, na kuku anapepesa macho. Mama Huruma hakumwambia nyamaza. Alimwacha mpaka akakauka mwenyewe, kisha akauliza, "Na leo kimekuleta nini hasa? Maana kuku huyu angeweza kuja mwaka wowote."

Nilitamani adanganye. Nilitamani aseme amekuja kuomba radhi tu. Lakini mjomba, uongo hauwezi. Akamweleza habari za Abuu.

"Wewe unataka utoke?"

"Nautaka," akasema, akitazama miguu yake. "Ndio wimbo wangu pekee."

"Haya. Uimbe."

Tukamtazama.

"Uimbe hapa nisikie. Nimeusikia kwa jirani na nimeusikia dukani, kwako sijausikia. Ila mimi naitwa Veridiana. Imba Veridiana."

Mjomba akanipa mimi kuku. Alikaa kitako vizuri, akaanza kugonga goti kwa kidole, akavuta pumzi. Mistari ya mwanzo ilitoka. Sauti imezeeka, lakini ni yenyewe, na niliona jinsi Mama Huruma alivyoacha kupumua. Mahindi yamo, madebe yamo, muhogo wa kuchoma umo. Akafika kwenye jina. Lile la zamani ni fupi, linakaa kwenye gitaa lenyewe. Akajaribu Veridiana. Halikuingia. Akaanza tena mstari wa nyuma, akalikimbiza, likamwagika mbele. Akajaribu kulivuta, sauti ikakatika katikati. Akaanza tena. Kidole kikawa kinagonga goti peke yake, mdomo umefunguka, hakuna kitu kinachotoka.

"Unaona," Mama Huruma akasema, kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Huyo hujawahi kumwimbia. Ulimwimbia mtoto. Aliyelipa ni huyu."

Mjomba akainua mikono akafunika uso. Kutoka ndani ya viganja akasema wimbo hautoki, atamwambia mgeni hautoki, na asamehewe kuuliza.

Mama Huruma aliinuka. Akaja kwangu akampokea kuku, akampima uzito kwa mkono kama wanavyofanya sokoni. Nikashusha pumzi, nikadhani anaelekea kisu kilipo. Akamfunga mguu kwa kamba kwenye nguzo ya jiko, akamwagia chenga za mbaazi.

"Nimempokea," akasema. "Nitamchinja siku nitakayotaka mimi. Mimi nilingoja, na wewe ngoja."

Hakuna desturi ya hivyo. Ni kuchinja au kurudisha, nimewauliza hata wazee wa Newala wanaojua mambo hayo kutuzidi, wakacheka wakasema hawajasikia. Lakini nani angemwambia?

Abuu aliondoka Jumamosi na jibu lake, na kusema kweli alilipokea kiungwana. Mkusanyiko wao umetoka, una "Lami Mpya" na nyingine nyingi, ile haimo. Nilimlipa spika kwa korosho.

Mjomba haingii tena kwenye mikorosho. Hawezi. Kila asubuhi akienda shamba anapita mbele ya ua wa Mama Huruma, anasimama, anatoa salamu, anaitikiwa, na jicho lake linatafuta kuku. Kuku yupo. Amenenepa, anatembea huru, anachakura mpaka barabarani. Mama Huruma humwona mjomba anavyotafuta, naye huendelea na kazi yake. Watoto wa shule wameshaanza kumwita yule kuku kuku wa Mzee Silvesta, na mjomba anasikia.

Juzi alirudi mapema kuliko kawaida. Nilikuwa najaza uzi kwenye bobini. Akakaa, akavua kofia, akaiweka gotini. Nikamwuliza vipi, amechinjwa?

"Hapana," mjomba akasema. "Ameatamia."